Paka Mwenye Kisukari: Namna ya Kumtunza Nyumbani

Paka ni mwenzetu wa siku nyingi katika kaya za kata zetu. Hulinda ghala dhidi ya panya, hulala karibu na mafiga na hula kinachobaki baada ya familia kula. Anapoanza kunywa maji mengi kupita kawaida, kukojoa mara kwa mara na kukonda ilhali anakula vizuri, wapo wanaodhani kwamba amezeeka au amelishwa sumu, na wapo wanaomfukuza. Hata hivyo, dalili hizo huweza kuwa za kisukari, ugonjwa ambao hauambukizi watu wala wanyama wengine. Paka aliyegunduliwa mapema na kutunzwa vema anaweza kuishi nao kwa miaka kadhaa.

Ugonjwa wenyewe

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho ili kuuwezesha mwili kutumia sukari iliyomo kwenye damu. Kwa paka wengi wenye kisukari, mwili huacha kuitikia homoni hiyo ipasavyo, na kongosho pia hudhoofika. Walio hatarini zaidi ni paka wanene, wenye umri mkubwa na madume waliohasiwa. Baadhi yao hufikia hatua ya kukanyagia visigino vya miguu ya nyuma kwa sababu mishipa ya fahamu imedhurika.

Kipimo kimoja cha damu hakitoshi kuthibitisha ugonjwa, kwa kuwa sukari ya paka huweza kupanda kwa hofu tu ya kushikwa na mtu asiyemjua. Kwa hiyo daktari wa mifugo hupima pia mkojo.

Sindano na saa yake

Paka wengi hutibiwa kwa insulini, inayochomwa chini ya ngozi mara 2 kwa siku, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Kipimo cha dawa hupangwa na daktari. Usimpe paka vidonge vya kisukari vya binadamu, wala usikadirie kipimo chake kwa kuangalia dawa ya mgonjwa aliyeko nyumbani.

Zingatia aina ya bomba la sindano. Insulini ya binadamu kwa kawaida huwa na yuniti 100 katika mililita 1, ilhali baadhi ya insulini za wanyama zina yuniti 40. Kila moja ina bomba lake. Ukichanganya, kipimo huweza kuongezeka au kupungua mara mbili na nusu.

Hifadhi dawa kwenye friji, katika nyuzi joto 2 hadi 8, na isigande. Panapokosekana umeme, mwombe daktari ushauri. Chungu cha udongo kilichowekwa mchanga uliolowanishwa husaidia kupunguza joto. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, zisitupwe jalalani wanakocheza watoto.

Ukiwa na shaka, usichome

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Sukari iliyopanda kwa sababu ya kukosa sindano moja kwa kawaida haileti hatari ya papo hapo, lakini sukari iliyoshuka mno huweza kuua ndani ya saa chache. Kama hujui iwapo mwenzako ameshachoma sindano, iache ipite na usubiri saa inayofuata. Usirudie wala usiongeze dozi. Kama paka amegoma kula au ametapika, wasiliana na daktari kabla ya kumchoma. Ili kuondoa utata, wekeni daftari jikoni, na kila anayechoma aandike saa na kipimo.

Dalili za sukari kushuka ni kulegea, kuyumba, kutetemeka na hatimaye degedege. Mpe chakula mara moja ikiwa anaweza kumeza. Akishindwa, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi, bila kumimina mdomoni asije akapaliwa, kisha mpeleke kwa daktari hata akionekana kupata nafuu.

Chakula

Mwili wa paka umeumbwa kwa ajili ya nyama. Ugali na wali humwongezea wanga asiouhitaji. Chakula cha kopo cha paka chenye protini nyingi hufaa, au nyama na samaki waliochemshwa bila mifupa, chumvi wala kitunguu, kwa mpangilio utakaoelekezwa na daktari. Hata hivyo, usimbadilishie chakula kabla ya kumjulisha daktari: wanga ukipungua, sukari hushuka, na dozi ya jana huweza kuwa kubwa mno leo. Usimnyime maji, wala usimfungishe paka mnene kwa nia ya kumpunguza uzito, kwani kukaa siku kadhaa bila kula huweza kudhuru ini lake.

Wapo paka ambao, wakitibiwa mapema na kupungua uzito polepole, hufikia hatua ya kutohitaji tena insulini. Hiyo ni sababu nyingine ya kuhudhuria vipimo kwa tarehe zilizopangwa.

Huduma zinakopatikana

Hatua ya kwanza ni kumwona Afisa Mifugo wa Kata yako, ambaye atakuelekeza kwa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Fika naye paka akiwa ndani ya kikapu kilichofunikwa, na ueleze anakula nini, anakunywa maji kiasi gani na dalili zilianza lini. Usisubiri siku ya miadi iwapo paka aliyekwishaanza dawa anatapika, amekataa chakula, amelegea au anatoa pumzi yenye harufu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Hiyo ni dharura.

Ofisi za Halmashauri hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Kwa kuwa dharura haichagui saa, muulize daktari wako siku ya kwanza atapatikana vipi usiku na mwishoni mwa wiki, na uandike namba yake kwenye jalada la lile daftari la jikoni.