Ziwa Lililo Nyuma ya Seng'enge

Ualimu ni kazi ya jasho jingi na ujira haba, lakini haikosi raha zake ndogondogo. Mojawapo, kwangu mimi, ni kusahihisha insha Jumamosi asubuhi kabla jua halijapasha mabati, kikombe cha chai ya maziwa kikiwa kando pamoja na andazi lililolala. Wako wenzangu wanaouona mzigo wa madaftari kuwa adhabu. Mimi hunena nao kimoyomoyo kwamba hawajui wanachokikosa, maana hakuna gazeti linaloweza kumpa mtu habari za mtaa wake kama insha za watoto wa darasa la sita, au gredi ya 6 kama tunavyotakiwa kusema siku hizi.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia, mada niliyokuwa nimewapa ilikuwa "Ziwa Letu". Niliichagua kwa uvivu, nikidhani hakuna mada rahisi kuliko hiyo kwa mtoto aishiye Naivasha. Insha ya kwanza ilinieleza habari za mawimbi yaliyopiga miamba, meli zilizotia nanga bandarini na mabaharia waliokunywa madafu. Nikatabasamu, mtoto huyu amesoma kitabu cha pwani akakihamisha hadi Bonde la Ufa. Ya pili ilidai kwamba maji ya ziwa letu ni ya chumvi. Hapo niliiweka kalamu chini. Nakuru ni ya magadi, na Elmenteita vivyo hivyo, lakini Naivasha ni ziwa la maji matamu, na ni hayo maji matamu yaliyotuleta sote hapa. Ya tatu ilikuwa ya sentensi moja tu, imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza katikati ya ukurasa: "Ziwa letu liko nyuma ya seng'enge na mimi sijafika."

Jumatatu niliwauliza darasani ni nani aliyewahi kutia mkono wake katika maji ya ziwa. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa michache, na aghalabu ilikuwa ya watoto wa wavuvi. Waliosalia walitazama madawati. Hawa ni watoto ambao mama zao hupanda mabasi ya mashamba alfajiri ya giza, wakashinda katika mabanda ya plastiki wakichuma na kufunga mawaridi yanyweshwayo maji ya ziwa hilohilo. Ua lililokatwa leo laweza kuwa sokoni Uholanzi baada ya siku mbili tatu. Mtoto wa aliyelikata hajatembea mwendo wa nusu saa kufika ufuoni.

Nilipofika hapa mwaka wa 1991, kijana mwenye sanduku moja la bati na barua ya kuajiriwa, mambo hayakuwa hivi. Jioni baada ya gwaride, walimu watatu au wanne tulikuwa tukishika kijia kilichopita katikati ya migunga yenye magome ya manjano, tukafika kwenye mafunjo, tukakaa juu ya gogo. Hatukuwa na la kufanya huko. Tulitazama mnandi wakianika mbawa zao kama wachuuzi wa nguo kuukuu, tukasikiliza mlio wa tai mla samaki, tukabishana kuhusu ngeli. Mlima Longonot ulikuwa ukibadilika rangi mbele yetu, kutoka kahawia hadi zambarau. Aliyekuwa na senti alinunua samaki wa mshipi mmoja. Asiyekuwa nazo alirudi na hamu ya kula tu.

Kisha jioni moja tukakuta nguzo zimechimbiwa, na siku chache baadaye waya ukanyooshwa. Mlinzi, mtu mpole aliyekuwa na mwana shuleni kwetu, alituamkia kwa heshima na kutuambia, "Walimu, mnisamehe, njia hii imefungwa." Nani kaifunga? "Hilo liko juu yangu." Hatukubishana naye. Yamkini tungebisha, lakini mwalimu wa miaka hiyo alikuwa amezoea kuambiwa kwamba jambo liko juu. Tuligeuka tukaenda zetu, na pole kwa pole mazungumzo yetu ya jioni yakahamia hotelini kwenye televisheni.

Sitaki nieleweke vibaya. Maua yamewalisha watu wengi hapa, na karo ya shule za upili aghalabu hutoka katika mshahara wa mabanda hayo. Tena wenye mashamba wana hofu zao: wizi wa mabomba, moto wa kiangazi, na viboko ambao hutoka majini usiku kuja kula nyasi wala hawamtambui mwalimu wala mkurugenzi. Ninaloliuliza ni dogo. Je, katika ufuo wote huu hakuwezi kuachwa vijia vya kutosha, vyenye alama na vinavyojulikana, ili mtu asiye na mtumbwi wala pesa za hoteli afike kuyaona maji? Fuo za umma zipo, kama vile za Karagita na Kamere, lakini ni chache mno kwa umati wa watu uliojaa kando ya barabara ya kusini mwa ziwa. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 62, inayataja maziwa kuwa sehemu ya ardhi ya umma. Tunawafundisha watoto hayo darasani nao huyakariri vizuri sana.

Jambo la ajabu ni kwamba ziwa lenyewe halikuwahi kuujali waya. Jina lake latokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, maji yanayokwenda na kurudi, na wageni wakaliandika walivyolisikia. Mwaka wa 2009 lilirudi nyuma kiasi cha kutufanya tuhofu litakauka. Nguzo za seng'enge zilibaki zimesimama juu ya tope lililopasuka, zikilinda hewa. Kisha likaanza kuja. Mwaka wa 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, liliingia katika mtaa wa Kihoto, na mwaka wa 2025 likaingia tena kwa kishindo, watu wakihamishwa kwa mashua kutoka vyumba walivyokuwa wakilipia kodi. Hivyo baadhi ya watoto wetu walikutana na ziwa kwa mara ya kwanza chini ya vitanda vyao. Si hivyo nilivyotaka walijue.

Basi nikamwendea mwalimu mkuu. Aliniuliza maswali matatu, yote ya haki: nani atalipia, nani atawajibika mtoto akiumia, na jambo hili liko wapi katika mtaala. La tatu nilikuwa na jibu lake, maana mtaala mpya hauachi kusema kwamba mtoto ajifunze kutokana na mazingira yake. La kwanza halikuwa na uzito, kwa kuwa miguu haina nauli. La pili lilinikosesha usingizi usiku wa siku mbili, nisikufiche. Hatimaye niliandika barua kwa wazazi, wakatia sahihi, na mama wawili waliokuwa na siku ya mapumziko wakajitolea kuandamana nasi.

Tulikwenda Ijumaa saa tatu za asubuhi, wawili wawili, kwa kushikana mikono. Ufuoni tulipokewa na mvuvi mzee ambaye alikwisha kuambiwa habari zetu.

"Mwalimu, karibuni. Mtasimama upande huu wa mitumbwi. Kule kwenye mafunjo asiende mtu, kuna kiboko mwenye mtoto."

"Tumesikia, mzee. Na samaki?"

"Samaki wa leo wametushinda akili," akasema, naye akacheka.

Niliwasimulia machache: kwamba kuanzia mwaka wa 1937 ndege za maji za Imperial Airways, zikitoka Uingereza, zilikuwa zikitua juu ya ziwa hili, kwamba mwaka wa 1929 samaki wa Marekani walitiwa humu ili walowezi wapate kuvua kwa kujifurahisha, na mwaka wa 1970 kamba wenye magamba mekundu wakaletwa kutoka nje vilevile. Msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo hata samaki walihamia kama sisi?" Katika darasa hilo mna watoto ambao wazazi wao walitoka Busia, Siaya, Kitui na Nyandarua, na lugha inayowaunganisha ni hii ninayowafundisha. Nilimjibu kwamba ndiyo, wengi wao walihamia.

Kisha nikanyamaza, maana niliona hawanisikilizi tena. Walikuwa wamechutama wote kwenye ukingo, kimya kisicho cha kawaida kwa watoto wa umri huo, mikono imezama hadi viwiko. Mmoja alionja maji kwa ncha ya ulimi, akawageukia wenzake na kutangaza kwamba hayana chumvi. Mmoja wa wale mama, mchumaji wa maua kwa miaka kumi na miwili, alivua viatu vyake akaviweka juu ya jiwe, akaingia hadi vifundoni. Alisimama hivyo kwa muda mrefu akitazama ng'ambo. Sikumwita hadi mvuvi alipotuashiria kwamba jua limepanda.

Mtoto wa sentensi moja alikuwa na chupa tupu ya soda. Aliijaza, akaifunga sawasawa, akaibeba kwapani njia nzima kama mtu aliyebeba yai. Jumamosi iliyofuata nilichemsha chai yangu, nikafungua madaftari. Insha yake ilikuwa na kurasa nne. Upatanisho wa ngeli ulimtatiza mno, na neno "mtumbwi" aliliandika kwa namna tatu tofauti. Nilimpa alama 31 kwa 40, kisha nikaisoma tena, si kwa kusahihisha, hadi chai ikapoa.