Pikapu ya Kikundi: Tupime Mzigo Kabla ya Kutazama Gari



Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana geni katika ukurasa uliozoea habari za ndoa na malezi. Nalo ni namna ya kuchagua pikapu na kuitayarisha ili ibebe mahema, majamvi, masufuria na vyombo vingine vya shughuli za nje. Tumeulizwa na vikundi viwili vya akina mama, kimoja cha Mombasa na kimoja cha Malindi, ambavyo vimeanza kuweka akiba kwa nia hiyo. Tumeona jibu lililo bora ni kuwaeleza yaliyotukuta sisi wenyewe huku Nairobi, kwa kuwa sisi tulianza kwa kosa.

Kosa letu

Katika mitaa ya magharibi mwa jiji, kuanzia Kawangware hadi Dagoretti, kipo chama cha akina mama ambacho tumekuwa tukikihudumia kwa miaka mingi. Wengi wao asili yao ni pwani. Wana mahema mawili makubwa, viti mia moja, majamvi na masufuria ya kupikia watu wengi. Vyombo hivyo hutumika katika arusi, hitima na Maulidi, na kila likizo ya shule hupelekwa kwenye vilima vya Ngong, ambako watoto wa madrasa huenda kutembea na kula chakula cha mchana.

Zamani chama kilikodi pikapu kila mara. Mwaka jana, katika safari ya Ngong, mzigo ulipokwisha kupakiwa, vijana watano wakapanda juu yake. Mama mmoja akatuuliza kama hapana hatari. Tukamjibu kwamba mwendo ni mfupi. Tulipopita Karen gari likaruka tuta, tuta dogo tu, na kijana wa miaka kumi na mitano akaanguka barabarani. Alivunjika mtulinga, na mkono wake ukafungwa kitambaa shingoni kwa wiki sita. Alhamdulillahi, leo ni mzima. Dereva hatukumlaumu, maana ruhusa tuliitoa sisi.

Mama wa kijana huyo ndiye mweka hazina wa chama. Hakututamkia neno la lawama hata siku moja. Lakini chama kilipoazimia kununua gari lake chenyewe, na sisi tukawa tayari tumeshaanza kuzisifu pikapu za kebini mbili tulizoziona njiani, alikuja na daftari mkononi akasema, "Sheikh, kabla hatujaenda kutazama gari, naomba tupime mzigo."

Mizani ya muuza nafaka

Tuliazima mizani ya muuza nafaka mmoja wa Kawangware, tukapima kila kitu. Turubai za mahema mawili zilikuwa kilo 90, na nguzo zake za chuma kilo 190. Viti mia moja vilifika kilo 250. Masufuria makubwa sita na vifuniko vyake, kilo 75. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa, kilo 56, na majiko yake kilo 20. Majamvi kilo 60, vyakula kilo 70. Maji, ambayo hakuna aliyewahi kuyahesabu kuwa ni mzigo, yalikuwa madumu kumi ya lita 20, yaani kilo 200.

Jumla ikawa kilo 1,011, na hapo hajapanda mtu hata mmoja. Pikapu nyingi za kawaida zimeundwa kubeba takriban tani moja, na katika tani hiyo dereva na abiria wake nao huhesabiwa. Ikatubainikia kwamba miaka yote ile tulikuwa tukilizidishia gari uzito, kisha tukawapandisha watoto wa watu juu yake. Uwezo wa kila gari umeandikwa na aliyeliunda, aghalabu kwenye kibandiko kilicho mlangoni au katika kitabu chake. Basi isomeni namba hiyo kwanza, kabla ya kuuliza bei.

Akina mama wakaanza kupunguza. Wazee na wagonjwa waletewe viti 30, wengine waketi majamvini kama tulivyolelewa. Maji yachukuliwe madumu manne, yaliyobaki yapatikane huko huko. Mzigo ukashuka hadi kilo 716. Tulipoongeza dereva na mtu mmoja wa kumsaidia, na vifaa vya kufungia mzigo ambavyo tutavieleza, tukafika kilo 906. Hapo ndipo tulipojua tunatafuta gari la namna gani.

Kebini moja au mbili?

Pikapu ya kebini mbili ina viti vya watu watano, na haina aibu kuiegesha mbele ya nyumba ya arusi. Hilo hatukatai. Lakini sehemu yake ya mzigo ina urefu wa takriban mita moja na nusu, ilhali ya kebini moja hupita mita mbili. Nguzo zetu zina urefu wa mita tatu. Katika kebini mbili, nusu ya nguzo ingening'inia nje.

Kulikuwa na hoja ya pili, nayo ndiyo iliyokata shauri. Kebini mbili ingebeba watoto watatu au wanne, na watoto wetu ni zaidi ya arubaini. Waliobaki wangepanda wapi? Mweka hazina akasema kwamba viti vinne vya ziada vitatupa udhuru wa kuwapandisha wengine nyuma. Ikakubaliwa kwamba gari la mzigo libebe mzigo, na watoto wakodishiwe basi lenye viti na mikanda. Tofauti ya bei kati ya kebini mbili na kebini moja ikatengwa iwe akiba ya kukodi basi.

Sokoni

Aendaye kutafuta gari Nairobi hataikosa Ngong Road, ambako yadi za magari zimepangana kando ya barabara. Majina utakayoyasikia ni Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Nissan Navara, Mitsubishi L200 na Ford Ranger. Wazee watawatajia pia Peugeot 504, ambayo iliundwa humu nchini kwa miaka mingi na kubeba kila kitu kuanzia maziwa hadi maharusi. Heshima yake haijafutika, ila vipuri vyake sasa ni vya kutafuta kwa tochi.

Yapo mambo mawili ya kuyajua. La kwanza, gari lililotumika ng'ambo haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limepita miaka minane, na sharti usukani wake uwe kulia. Pikapu zilizotumika humu nchini hazifungwi na kikomo hicho, nazo ni nyingi, kwa hiyo umri pekee usiwatishe wala usiwaridhishe. La pili, chagueni gari ambalo fundi wa mtaani kwenu analijua. Isuzu D-Max huunganishwa hapa hapa Nairobi, na Hilux imeenea kila pembe ya nchi. Kabla ya kutoa fedha tulikwenda katikati ya jiji, Kirinyaga Road, ambayo wenyeji wa siku nyingi bado huiita Grogan, tukauliza bei ya klachi, breki na springi za kila aina tuliyoifikiria. Tulipotoka hapo tukaswali Adhuhuri Msikiti wa Jamia, na majina matano yalikuwa yamebaki mawili.

Siku ya kukagua, nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Ombeni injini iwe baridi mnapofika, kwani injini iliyokwisha pashwa moto huficha maradhi yake. Utazameni moshi. Ukiwa wa buluu, injini inaunguza oili. Ukiwa mweupe usiokwisha, huenda maji yanaingia mahali pasipo pake. Ukiwa mweusi, mafuta hayachomeki sawasawa. Kisha mtu aingie chini atazame chasi. Kwa wasomaji wetu wa pwani jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya, na rangi mpya huweza kupakwa juu ya kutu. Chukueni kipande cha sumaku. Mahali kinapokataa kushika kwenye bodi ya chuma, pamezibwa kwa kitu kingine.

Hati, jina na fedha

Namba ya chasi ilingane na ile iliyo katika hati ya umiliki, na kumbukumbu za gari zitafutwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ili mjue mwenye gari ni nani hasa. Magari mengi yamewekwa rehani kwa mikopo. Anayenunua bila kuuliza huenda akajikuta amenunua deni la mtu mwingine.

Kisha lipo suala la jina. Walikuwapo waliosema gari liandikwe kwa jina letu sisi, au la mume wa mmojawapo, ili mambo yaende upesi. Tulikataa, na twawasihi nanyi mkatae. Mtu akifariki, kilichoandikwa kwa jina lake huhesabiwa katika mirathi, na warithi wasiojua habari hawatakuwa na kosa wakikidai. Fedha ya akina mama iliyokusanywa kidogo kidogo ni amana. Tangu 2022 nchi ina sheria ya kusajili vikundi vya kijamii. Kisajilini kikundi chenu, muwe na katiba na kumbukumbu za vikao, na gari liwe la kikundi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ama kwa wasiokuwa na fedha kamili, benki za Kiislamu zimekuwapo nchini tangu 2008, na huuza magari kwa njia ya murabaha. Sharti lake ni kwamba benki ilimiliki gari kwanza, kisha iwauzie kwa bei inayojulikana na isiyobadilika. Ulizeni hatua hizo moja baada ya moja, na msitosheke na jina zuri lililoandikwa juu ya karatasi.

Katika bima, semeni kweli. Gari la kubeba vyombo vyenu wenyewe halikatiwi bima sawa na gari la kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Mkikodisha mahema pamoja na kuyasafirisha, mwelezeni mwenye bima tangu mwanzo, kuliko kusubiri ajali iwe ndiyo inayowaeleza.

Kulitayarisha gari

Chama kilinunua D-Max ya kebini moja, ya dizeli, iliyotumika humu nchini. Wengine walitaka kanopi ya chuma, lakini tulipoambiwa uzito wake tukarudi kwenye daftari. Tukawaendea mafundi wa jua kali wa Dagoretti Corner, wakatuchomelea keria ya mabomba yenye uzito wa kilo 40, inayopita juu ya kebini na kubeba nguzo kwa urefu wake wote. Ndani wakaweka vishikio vinane vya kufungia, na chini tukatandika mpira ili masufuria yasiteleze. Turubai na mikanda ya kukazia vilichukua kilo 10. Mikanda hiyo ni bora kuliko kamba ya katani, ambayo hulegea njiani bila kusema.

Fundi mmoja alitushauri tuongeze kibamba katika springi za nyuma ili gari "libebe zaidi". Jihadharini na shauri hilo. Springi ikikazwa gari halitainama, lakini breki, ekseli na tairi ni zile zile. Fedha hiyo tuliitumia kununua tairi nne mpya, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu mbili za kutahadharisha na jeki inayoweza kuliinua gari likiwa na mzigo.

Kupakia

Hapa sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa, ni kukumbushwa tu. Nahodha wa jahazi huweka farumi chini kabisa, na shehena nzito huipanga katikati ya chombo, kwa kuwa anajua chombo kizito juu hupinduka. Pikapu ni vivyo hivyo. Maji na vyakula vikae chini, mbele karibu na kebini, masufuria yafuate, na vilivyo vyepesi viwe juu. Uzito mwingi ukirundikwa nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele hupungua kushika barabara na usukani huwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Mitungi ya gesi isimame wima, imefungwa, mahali penye hewa, wala isiingizwe ndani ya kebini kamwe. Mkishuka mteremko mrefu kama ule wa kwenda Mai Mahiu, dereva atumie gia ndogo tangu juu, asitegemee breki peke yake. Na baada ya kilomita chache asimame akaze mikanda upya.

Likizo iliyopita tulikwenda tena vilima vya Ngong. Kijana wetu aliyevunjika mtulinga ndiye aliyefunga mkanda wa mwisho. Alipomaliza akauvuta mara mbili kwa mkono ule ule, kisha akatembea hadi kwenye basi na kuketi pamoja na wenzake. Mama yake alikuwa mlangoni na daftari, akihesabu watoto mmoja mmoja. Alipofika mwisho akatutazama, nasi tukapanda.

Basi ndugu zetu wa Mombasa na Malindi, azimeni mizani kabla ya kwenda yadi. Na mtu yeyote, hata awe sheikh, akiwaambia mtoto apande juu ya mzigo kwa kuwa mwendo ni mfupi, mkatalieni.

Wabillahi tawfiq.