Fahamu: Chuo cha Kilutheri Marekani kinachosomesha hata Waislamu

Ukisikia "chuo binafsi cha Kilutheri", wengi tunawaza seminari ya wachungaji. Ukikuta Chuo Kikuu cha Augsburg cha Minneapolis, Marekani, kwenye orodha ya vyuo, usikiruke haraka hivyo.

Kilianzaje?
Walutheri wenye asili ya Norway walikianzisha mwaka 1869 huko Wisconsin, kweli kwa ajili ya kuandaa wachungaji. Mwaka 1872 kikahamia Minneapolis. Jina linatokana na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, lilelile wanalolijua waumini wa KKKT. Lakini mwaka 1963 seminari yake iliungana na nyingine. Leo watu wanasoma pale biashara, uuguzi, kemia, ualimu na ustawi wa jamii.

Lazima uwe Mlutheri?
Hapana. Chuo kipo Cedar-Riverside, mtaa wa wahamiaji uliopo mjini kabisa. Zamani walijaa watu wa kutoka Norway na Sweden, siku hizi unajulikana kwa Wasomali. Waislamu wanasoma hapo. Ila jua kwamba masomo ya dini yamo kwenye ratiba ya shahada. Unayasoma kama masomo mengine, habadilishwi mtu dini.

Unasoma nini hasa?
Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa. Kwetu ukiomba uhasibu, unasoma uhasibu mpaka mwisho. Vyuo kama Augsburg vinatoa elimu pana: miaka 4, na hata mtu wa kemia anapitia historia, sanaa na uandishi. Fani kuu unaweza kuichagua ukiwa umeshaanza.

Maana yake, ukitaka udaktari, shahada hiyo ni msingi tu. Peter Agre alimaliza kemia Augsburg mwaka 1970, ndipo akaenda kusomea udaktari Johns Hopkins. Mwaka 2003 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kugundua njia za maji kwenye seli, na baadaye akaongoza taasisi ya utafiti wa malaria.

Na ada je?
"Binafsi" hapa si biashara ya mtu, chuo hakigawi faida. Ada ni kubwa, lakini vyuo vya aina hii huwapunguzia wengi, kwa hiyo bei ya kwenye tovuti siyo lazima uilipe yote. Shida ni kwamba mikopo ya serikali ya Marekani haimhusu mwanafunzi anayetoka nje kwa viza ya masomo.

Halafu kuna hili: Augsburg inacheza kwenye daraja la michezo ya vyuo ambalo haliruhusu skolashipu za michezo. Wakala akikuahidi "nafasi ya bure ya mpira" pale, funga pochi yako. Andikia chuo chenyewe, uliza utabaki kulipa kiasi gani kwa mwaka, na subiri jibu la maandishi kabla hujatoa hata shilingi.