Mfungwa na Akili Yake (3): Gereza la Kimya

Wafungwa waliopata msamaha wa Rais katika sikukuu ya Muungano hata nguo za uraiani hawajazizoea, na maneno mitaani yameshaanza: "Hao watarudi tu." Nimeyasikia kwenye daladala, nimeyasikia msibani, tena kwa mzee wa kanisa ambaye siku zote namjua kwa upole. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe. Hakuna ibara inayomlazimisha jirani kupokea. Leo nilikusudia kumalizia hoja ya kutisha kama lengo la adhabu, pale tulipoachana wiki iliyopita. Nitaiweka kando. Hilo la "watarudi" linatupeleka kwenye lengo la nne la adhabu, yaani kurekebisha, na kwenye kisa ambacho wanaonifahamu wamekwisha kuchoka kukisikia.

Kisa chenyewe kinaanzia gereza la Auburn, jimbo la New York, mwaka 1821. Wakuu wa gereza walichagua wafungwa wapatao 80 walioonekana sugu, wakamweka kila mmoja kwenye selo yake usiku na mchana, bila kazi na bila mtu wa kusemezana naye. Waliamini kwamba mtu akiachwa na dhamiri yake tu atajuta. Mwaka haujaisha, watano wakawa wamekufa. Mmoja, mlango wake ulipofunguliwa, alijirusha kutoka ghorofani. Mwingine alirukwa na akili, na gavana alipoona hali hiyo akawasamehe 26 waende makwao. Kati yao, 14 walirudi gerezani kwa makosa mapya. Habari hii waliiandika Wafaransa wawili, Alexis de Tocqueville na Gustave de Beaumont, waliokwenda Marekani mwaka 1831 kukagua magereza kwa niaba ya serikali yao.

Aliyesema "watarudi tu" siku ile pale Auburn alipatia, wala simbishii. Ila hakujiuliza hao 26 walirudishwa kwa jamaa zao wakiwa wamebakiwa na nini vichwani.

Auburn waliachana na jaribio hilo, wakabuni utaratibu mwingine: usiku kila mtu na selo yake, mchana kazi ya pamoja bila kutamka neno, na mjeledi kwa atakayenong'ona. Mjeledi tulishaujadili. Ninaotaka kukaa nao leo ni watu wa Philadelphia, kwa sababu wao hawakuwa makatili hata chembe, na hilo ndilo linalonisumbua kila ninapowasoma.

Tangu 1787 jiji hilo lilikuwa na chama cha kuwapunguzia wafungwa mateso. Daktari Benjamin Rush alikuwamo, na Wakweka walikuwamo kwa wingi, watu wa imani ileile iliyofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Walichukizwa na jela za zamani, ambamo mdaiwa, mwizi na muuaji walirundikwa chumba kimoja na mlinzi akawauzia pombe. Walipoyatazama ya Auburn, wakaamua kwamba kilichowaharibu wale watu ni kukosa kazi, si upweke. Wakajenga Eastern State, gereza lililofunguliwa mwaka 1829 kwa ramani ya John Haviland, mabawa yake saba yakitoka kitovu kimoja kama njiti za gurudumu la baiskeli. Kila selo ilikuwa na dirisha darini, kiua chake cha kupungia hewa, hata choo cha kuvuta, wakati ambapo Ikulu ya Marekani yenyewe haikuwa nacho.

Mfungwa wa kwanza aliitwa Charles Williams, mkulima mweusi wa miaka 18, aliyehukumiwa miaka miwili kwa wizi; saa ya mfukoni ilikuwa miongoni mwa alivyoiba. Aliingizwa amefunikwa kichwa asione njia wala asionwe na mtu. Jina lake likabaki langoni. Ndani akawa Namba Moja. Chakula kilipitishwa kwenye tundu la mlango. Wafungwa walifundishwa kushona viatu au kufuma humohumo seloni, wakapewa Biblia. Barua za nyumbani zilikatazwa, na walinzi walivalisha viatu vyao soksi ili hata kishindo cha hatua kisisikike.

Ndani ya kuta hizo bakora haikuwa na kazi, na chakula hakikuwa haba. Charles Dickens alipofika mwaka 1842 alikiri kwamba waanzilishi walikuwa watu wa huruma, kisha akasema wazi kwamba hawakujua walitendalo. Kilichomshtua zaidi ni habari za wanaokaribia kutoka: walitetemeka, na ilipofika zamu ya kutia saini kwenye daftari, wapo walioshindwa hata kuishika kalamu. Wema usiokubali kupimwa kwa matokeo ni hatari kuliko ukatili, maana mkatili walau tunamkemea. Pennsylvania iliufuta rasmi utaratibu huo mwaka 1913, ingawa tangu 1890 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Medley, ilikuwa imekwisha kueleza jinsi wafungwa wa namna hiyo walivyopumbaa, walivyorukwa na akili na walivyojiua.

Mwanafunzi wa fasihi atanikatiza: mbona Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa waraka wake *Kenya: Twendapi?*, akatengwa peke yake, na bado akatoka na *Sauti ya Dhiki*? Ni kweli. Lakini tungo zile ziliandikwa kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mtu anayetunga shairi tayari anasema na mtu. Alisalimika kwa sababu aliuvunja upweke aliohukumiwa. Asiyejaliwa vina na mizani atauvunja kwa nini? Mwaka 1983 mtaalamu wa magonjwa ya akili, Stuart Grassian, alieleza habari za wafungwa 14 waliotengwa katika gereza la Walpole, Massachusetts: sauti ndogo iliwaudhi kupita kiasi, walisikia minong'ono isiyokuwapo, na mawazo yao yalichanganyika. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza kumtenga mfungwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Kwa maoni yangu hata 15 ni nyingi.

Magereza yetu, najua, yanaumwa ugonjwa tofauti. Mfungwa wa kwetu analala ubavu kwa ubavu na wenzake, na mahabusu anasubiri kesi miezi na miaka. Hata hivyo aliyebanwa msongamanoni naye amekatwa na mkewe, wanawe na kazi yake, na akisamehewa ghafla anatokea langoni bila nauli. Sheria ya huduma kwa jamii tunayo tangu 2002, inayomwezesha mwenye kosa dogo kufagia hospitali au kuchimba mtaro mchana na kulala kwake usiku. Mahakimu wangeitumia zaidi, orodha ya kusamehewa ingekuwa fupi.

Nafasi imeniishia. Wiki ijayo tutaingia gereza la Trenton, New Jersey, ambako Gresham Sykes aliandika mwaka 1958 juu ya machungu ya kufungwa, na hapo nitazungumzia manyapara wetu.