SIDO inamsaidiaje mrina asali wa Tura?

Msikilizaji, enzi za misafara Tura ilikuwa lango la Unyamwezi. Pembe za ndovu zilipita hapa kwenda Bagamoyo, na bei ilipangwa huko pwani. Asali nayo ikiondoka kwa ndoo, hubandikwa jina la mwingine mjini, na faida hubaki huko.

Mlango wa kuanzia ni SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973. Lina ofisi mikoani, Tabora ikiwemo. Tuelewane: SIDO hainunui asali. Inafundisha usindikaji na ufungashaji, inasaidia kupata mashine, na inasimamia mfuko wa mikopo midogo uitwao NEDF. Pia hutoa barua ya utambulisho ya kupeleka TBS, wanaopima ubora na kutoa alama.

Kipimo cha kuzingatia mapema ni maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka yasizidi asilimia 20. Yakizidi, asali huchacha. Kwa hiyo vuna masega yaliyokwisha kufunikwa na nta, tumia moshi kidogo, na funika ndoo barabara. Asali ikiharibikia porini, hakuna ofisi itakayoirekebisha.

Ukishapata alama, unaweza kutafuta wanunuzi wa nje kwenye maonyesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam, yanayoandaliwa na TanTrade.

Ushauri wetu: nendeni SIDO kama kikundi, mkiwa na sampuli. Ulizeni gharama za kila hatua kabla ya kununua chupa na lebo.