Sampuli za Kipindupindu Katika Pwani ya Cabo Delgado

Kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, kipindupindu kilifuata baada ya siku chache tu. Kuthibitisha ugonjwa huo kunahitaji sampuli ya kinyesi iliyochukuliwa kabla mgonjwa hajapewa antibayotiki. Kijiti chenye pamba huchovywa kinyesini, kikazamishwa ndani ya rojo ya kusafirishia sampuli iitwayo Cary-Blair, mpini ukavunjwa na kizibo kikakazwa. Namba ya mgonjwa, tarehe na saa huandikwa ubavuni mwa chupa. Kizibo huweza kubadilishwa, chupa haibadiliki.

Wengi hukimbilia barafu, na hapo ndipo huharibu kazi. Bakteria wa kipindupindu huathiriwa na baridi, ilhali ndani ya rojo hiyo huishi siku saba na zaidi kivulini, bila friji. Kwa Palma au Mocímboa da Praia, miji ya mkoa huo iliyo mbali mno na maabara za Maputo, hiyo ni neema kubwa. Pasipo rojo, kinyesi kifike maabara ndani ya saa mbili.

Damu nayo, inapochukuliwa, ina masharti yake. Seramu, yaani majimaji yanayotengwa na damu iliyoganda, hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na ile ya utafiti wa miaka mingi hugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Sampuli ya utafiti haichukuliwi kabla mgonjwa hajaelezwa, kwa lugha anayoielewa, itatumikaje, naye akaridhia.