Okidi na Neno "Udongo"
Maelezo ya kutunza okidi zilizonunuliwa karibuni mara nyingi hutafsiriwa kwamba mmea uhamishiwe katika "udongo" mpya. Msomaji akitii, huenda akauua mmea wake. Okidi nyingi ziuzwazo madukani, kama vile Phalaenopsis, kwa asili huota juu ya miti, na mizizi yake huhitaji hewa. Ikifukiwa udongoni huoza. Chunguni hutiwa vipande vya magome, navyo hubadilishwa vinapolainika. Wala okidi hizo si "vimelea", kwani hazifyonzi chakula cha mti. Kwa hiyo twapendekeza "magome ya kupandia", na "kubadili chungu" kwa kitendo chenyewe. "Udongo" ubaki kwa okidi za ardhini, kama zile ziotazo Kitulo, Tanzania.